Mikono Nyuma: Kufundisha Wahudumu wa Afya Ewuaso Kedong

Siku yangu ya kwanza hospitalini Kajiado, miaka ya tisini ikianza, matroni hakunipa wadi. Alitazama gauni langu jeupe lililopigwa pasi, akasema, "Wewe mtoto wa Ukambani, utafundisha wahudumu wa afya vijijini. Na ukifundisha, weka mikono nyuma. Ukishika kila kitu wewe, watajifunza nini?"

Niliitikia tu. Sikujua ni kazi ngumu hivyo.

Wahudumu hao walikuwa wanakijiji waliochaguliwa na majirani zao. Tuliwafundishia katika kanisa la mabati pale Ewuaso Kedong: kupima watoto uzito, kutambua homa ya mapafu kwa kuhesabu pumzi, kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha. Naisiae, mama kijana, alielewa haraka kuliko wote, lakini mbele ya wazee sauti ilimkauka.

Asubuhi moja tuliitwa boma la jirani yake. Mtoto alikuwa akiharisha tangu jana, macho yameingia ndani. Naisiae alimfinya ngozi ya tumbo. Ikakawia kurudi, dalili kwamba maji yamepungua sana mwilini. Nyanya ya mtoto huyo alikuwa amekataza asinyweshwe chochote.

"Akinywa anaharisha zaidi," alisema.

Naisiae akanigeukia. Maneno nilikuwa nayo tayari. Nikayameza, nikaweka mikono nyuma.

Akapiga magoti mbele ya nyanya, akamwita bibi kwa Kimaasai. "Kokoo, hayo maji yanayomtoka ni yake. Tusipomrudishia, atabaki na nini?"

Nyanya alimkazia macho. "Haya, mpe. Lakini mimi sibanduki hapa."

Naisiae akamnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, njia yote mpaka dispensari, nyanya akitufuata nyuma. Huko wakaendelea kumtibu. Mchana mtoto akamkojolea Naisiae mapajani, dalili kwamba maji yamerudi mwilini. Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitoka nje, nikalia kidogo.

Baadaye nilihamishiwa Illasit, kisha Rongai. Madaktari wa wilaya walikuja na kuondoka, wengine wakitaka wahudumu waive haraka kama chapati. Nilifundisha polepole vilevile, na sijuti.

Sasa nimestaafu, niko na nyumba yangu Kitengela. Juzi Naisiae, ambaye siku hizi ndiye anayefundisha wahudumu wapya, alinipigia simu. Nikavuta kiti nimshauri.

"Sina swali, Sista," akasema. "Nauliza tu kama umekunywa dawa yako ya presha."

Nilikuwa sijanywa. Nikainuka kwenda kuitafuta, nikitabasamu peke yangu.