Mipira ya Meno Itamfikisha kwa Mke Mwenzangu

Mtunza ukurasa, jina langu lifiche kama unavyoyaficha ya wengine, maana Busia ni ndogo na gazeti hili husomwa kwa sauti madukani. Wasomaji, nawasalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mke mkubwa wa mfanyabiashara mwenye pikapu. Nina watoto wanne, nina duka dogo mbele ya nyumba, na nina wivu. Nalisema mwenyewe mapema ili mtu asihangaike kunitafutia jina.

Mume wangu hupakia chumvi, sabuni na mafuta ya taa, akauza vijijini, Nagongera mpaka Paya, akarudi na karanga na mtama. Safari moja alipeleka chumvi Paya akarudi na habari ya ndoa. Sikupiga kelele. Dini yetu inaruhusu, na hata baba yangu alikuwa na wake wawili. Tukakaa mbele ya shehe tukapangiana zamu, siku tatu kwangu, siku tatu kwa mwenzangu. Mimi nikaongeza sharti moja tu: zamu itakayozuiwa na mvua imekwenda na maji, hailipwi. Mwenzangu alikuwa mgeni wa mambo haya, akaitika.

Nilijua ninachokifanya. Barabara ya Paya ikinyeshewa ni udongo mweusi unaovua watu viatu, na mipira ya magurudumu ya pikapu yetu ni ya barabara ya changarawe, tena imeisha mpaka inang'aa kama kipara. Kwa hiyo msimu wa mvua wote mume ni wangu. Nimekuwa nikiomba mvua kwa bidii hata majirani wanadhani nina shamba kubwa mahali.

Sasa wakati wa vita vikuu vilivyokwisha juzijuzi mipira ilinunuliwa kwa kibali cha serikali, mtu alishukuru kwa chochote alichopata. Siku hizi imeanza kuja ya kila namna. Wiki iliyopita mume wangu akarudi kutoka Tororo anatabasamu.

"Mama Zubeda, kwa Mhindi imefika mipira ya meno. Matope yote inakula. Lakini mimi naona kwa macho tu, wewe mtoto ya dereva, wewe ndiyo najua. Ile utasema, ile nitanunua."

Ni kweli. Marehemu baba aliendesha lori maisha yake yote, na mimi nilijua kuusoma mpira kabla sijajua kusoma herufi. Tukaenda pamoja kuitazama. Nikaingiza vidole katikati ya meno, vikazama. Wasomaji, ilikuwa mipira mizuri, sina la kuificha. Na papo hapo nikaiona pikapu inapanda Paya mvua inamwagika, na mtu kule anasikia mngurumo, anabandika maji ya kuoga ya mume wangu! Moyo uliniwaka.

Nikamwambia, "Meno haya kwenye changarawe yataisha upesi. Usukani utakuwa mzito, na petroli itanyweka." Yote hayo ni kweli, hakuna uongo hata mmoja.

Mhindi akacheka. "Mama nasema kweli. Lakini mvua nakuja, hii ingine nateleza tu."

Mume wangu akasema nifikiri, akitoka Paya nimpe jibu. Kisha njiani, bila kujua anachonifanyia, akaniletea salamu za mwenzangu, aliyekwisha kuambiwa habari ya mipira. "Amesema hivi: 'Dada achague yeye. Mimi mambo ya gari sijui, na mtoto hii nakuja wakati ya mvua.'"

Ni mjamzito. Uzazi wake wa kwanza ulimkuta mvua imefunga njia. Wanawake wa Paya walimbeba kwenye kitanda kuitafuta barabara kuu, akajifungua njiani, Mungu akawalinda wote wawili. Saa hiyo baba wa mtoto alikuwa kwangu anakula chapati. Nilipokumbuka hayo nikazidi kumkasirikia. Kwa nini asinitukane, nikapata sababu? Ananiita dada, ananiachia nichague, mkono wangu ndio uwe na lawama.

Hata hivyo nilikuwa nimeshaamua. Ningesema tununue ya barabara, nikae na mume wangu kama kawaida, na mwenzangu angeangaliwa na ndugu zake. Mume akaenda Paya kwa zamu yake jua linawaka. Jioni yake mbingu zikafunguka.

Jana amekuja mtu wa baiskeli, matope mpaka kiunoni. "Mama, bwana salimia wewe. Gari nakwama kule kwa nyumba ya mama mdogo, haitoki. Nasema mungoje, barabara ikauke."

Ikauke! Siku zangu tatu zinaondoka hivyo hivyo, mume yuko kwa mwenzangu, na siwezi kuzidai, kwa sababu sharti ni langu na shehe ni shahidi. Mungu si Athumani. Nimeomba mvua miaka yote hii, sikuwahi kufikiri kwamba matope yanaweza kumfunga mtu upande ule pia.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nikisema ya meno, mume wangu atafika kwake mvua inyeshe isinyeshe, na mtoto yule atapata gari la kumpeleka mama yake hospitali. Nikisema ya barabara, nitakuwa ninabahatisha kila mawingu yakikusanyika, na pengine nitamtupa mwanamke njiani mara ya pili. Akili inaniambia meno. Wivu unaniambia nifumbe mdomo. Ninyi mliowahi kugawana mume, nishaurini, nimjibu nini akirudi? Lakini msikawie kuandika. Nimekaa peke yangu hapa dukani, na bado inanyesha.