Jani la Uongo la Bondeni Jangwani

Taabu ilinianza mwaka 1973, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mama alifariki, mume akaenda zake Tanga na hajarudi mpaka leo, na mimi, darasa la pili tu, nikabaki na mkeka wa mama pale Kariakoo kwenye safu ya wauza mizizi. Sikumwomba mtu. Nilikaa juu ya mkeka ule nikauza.

Safu yetu ilikuwa na desturi yake. Mizizi tunaimenya ganda lote, tunaikata vipande vidogo, tunaianika mpaka yote inafanana, mwenzako asijue unachimba nini. Na mtu akitaka kuona majani ya mti wenyewe, unampa ya mti mwingine. Kila muuzaji alikuwa na jani lake la uongo. Hatukuona dhambi, tuliona kazi. Langu nililichuma bondeni Jangwani, kwenye kichaka ambacho mbuzi akikifikia anageuza shingo. Mama alinionya toka mdogo kwamba mzizi wake unaua.

Miaka ile ukikutwa mjini bila kazi inayotambulika, mgambo wanakupakia kwenye lori, unapelekwa kijijini ukalime. Kuuza mizizi hakukuhesabiwa kazi. Tulikaa tunachungulia barabara, na lori likionekana mikeka inakunjwa na watu wanatawanyika.

Mwaka uliofuata akaja kijana wa Kichaga, mtafiti wa mitishamba, koti jeupe kalikunja kwapani. Alitaka dawa yangu ya vidonda vya tumbo akaipime kwa panya. Akataka na majani. Alisema bila jani utafiti hauwezi kuujua mti. Nikampa jani langu la Jangwani, akalibana kati ya magazeti kwa adabu, akaandika. Baada ya wiki chache akaniletea karatasi yenye muhuri, inasema mimi nasaidia utafiti wa dawa. Mgambo wakija nawaonyesha, wanasoma, wanapita. Mzee wa mkeka wa jirani akawa ananiita Bi Daktari, anacheka mpaka anakohoa.

Ikaenda hivyo miezi saba. Panya wakapewa mizizi yangu na kijana akasema wanaendelea vizuri. Mama yake alipokuja kutoka Moshi anaumwa tumbo, mimi mwenyewe nilimpelekea dawa kwenye nyumba za reli mtaa wa Gerezani, alikofikia kwa mwanawe. Ikamsaidia. Kisha mvua zikafunga njia ya Kisarawe ninakochimba, mizizi ikaniishia wiki mbili.

Asubuhi moja, yapata saa nne, kijana akaja kwenye mkeka anacheka. Akasema nisihangaike tena. Kwa kuwa analo jani, ameshaukuta mti karibu tu, Jangwani. Kachimba mwenyewe, kachemsha, kamwachia mama yake kikombe anywe saa sita akishakula. Akaniaga, akaenda kazini kwake.

Nilimwacha aende. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ulimi ulikuwepo na sauti ilikuwepo. Lakini karatasi ilikuwa kifuani, ndani ya sidiria, na nilijua nikifungua mdomo nitanyang'anywa. Nikapanga mafungu ya mizizi, nikayapangua, nikayapanga tena. Nikajiambia labda mama yake ataonja tu aache. Labda mzizi mchanga hauna nguvu. Mteja akaniuliza bei, sikumsikia. Mwadhini wa msikiti wa jirani alipoanza kujaribu kipaza sauti, nikajua saa sita imekaribia. Nikaacha mkeka wazi, kitu ambacho mama hakuwahi kufanya, nikakimbia Gerezani peku.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi yule amekaa kwenye stuli, sahani tupu ya ndizi miguuni, kikombe mkononi. Nilimpokonya nikakimwaga uani.

"We mwanamke, hodi huijui?"

"Shikamoo mama. Hodi nitapiga baadaye. Umekunywa?"

"Ninywe nini? Mkwe wangu yuko kwenye foleni ya sukari tangu saa mbili. Uchungu ule mimi siumezi hivihivi."

Nikakaa chini sakafuni. Nikanawa mikono mara tatu, nikamwambia naye anawe. Mwanawe alipokuja kula mchana akanikuta palepale, na nikamweleza yote mbele ya mama yake: jani, kichaka, desturi ya safu. Hakupiga kelele. Alivua miwani.

"Asubuhi ulikaa kimya kwa nini?"

"Niliogopa lori."

"Kwa hiyo mama yangu afe wewe ubaki mjini."

"Kwa saa moja na nusu, ndiyo," nikamwambia. "Halafu nikaja."

Akanyoosha mkono. Nikaitoa karatasi, imelowa jasho, nikampa. Kazi yake ya miezi saba yote ilikuwa imeandikwa jina la mti ambao sio.

"Mpe kwanza chai," bibi akasema, "ndio umnyang'anye. Chai yenyewe haina sukari, asidhani tunamkomoa."

Mvua zilipokatika nilimpeleka Kisarawe, nikamwonyesha mti wa kweli, jani, ua na tunda. Akaanza kuandika upya. Safu ikasikia kuwa nimetoa siri. Mzee wa jirani akageuza mkeka wake akanipa mgongo, hakuniita tena jina lolote. Karatasi nyingine sikupewa na sikuomba. Kabla mwezi haujaisha lori lilinikuta pale pale, na safari hii hakuna aliyenishtua kwamba linakuja.

Kijijini nililima mihogo miaka minne. Nikauza, nikarudi kwa nauli yangu, nikaanza upya kuuza mizizi mtaa wa pili.

Leo nina nyumba ya vyumba sita Mbagala, maji na umeme ndani. Nina fremu moja ya duka Kariakoo, na kodi ya mwaka mzima nimeshalipa. Kiwanja kimoja Chanika, kina hati. Mashine ya kusaga. Friji mbili, moja mbovu. Kitanda cha mninga. Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba.