Bwawa la Tajiri Mbele ya Mama Mkwe

Wanangu, Jumamosi nimecheka mpaka kanga ikanidondoka! Tajiri mmoja wa tumbaku hapa Songea kachimba bwawa la kuogelea uani, kaalika mama mkwe wake na mashemeji zake waje waogelee. Mtunza bwawa hakutulia: anachota maji kwa kichupa, anadondoshea dawa ya kupimia, anatazama rangi juani, anamwaga, anachota tena. Siku mbili kabla maji yaligeuka kijani, na tajiri kamwambia yakikataa tena siku hiyo, kazi hana.

"Njano ya kichupani imekaa vizuri, bosi. Klorini imetosha, waingie."

Mama mkwe akanyoosha mkono kuwazuia wanawe. "Hata pombe, mwenye nyumba huonja kwanza wageni wakiona. Wewe mkwe umetia madawa, halafu wanangu ndio watangulie?"

Tajiri akarudi nyuma. "Mama, kuogelea sijui."

Mtunza bwawa akaruka na ovaroli yake, pwaa! Akaibuka anacheka. "Mama, mimi mzima!"

"Nimesema mwenye nyumba."

Basi tajiri akashuka na suruali yake ya kitambaa, kamng'ang'ania shingoni yule yule aliyetaka kumfukuza. "Usiniachie, kaka yangu!"

Kaka! Asubuhi nzima alikuwa anamwita "we nanii".