Maji ya Shangazi na Kolamu Ndefu

Leo nimeomba Mungu mashine isione kitu.

Maji yalikuwa ya kisima cha shangazi yangu, kule Makindu, nyuma ya stesheni ya petroli. Yameanza kuwa na kaharufu.

Kwa kolamu fupi (ule mrija mwembamba uliojikunja ndani ya mashine ya kupima kemikali), kila kitu kilitoka pamoja. Kilima kimoja tu kwa skrini. Huwezi jua ni nini.

"Weka ile ndefu," Mutua, mwenzangu wa maabara, akaniambia. "Itavitenganisha."

Nikaiweka, tukangoja. Mstari ulitambaa polepole, ni kama kuangalia vilima vya Nunguni asubuhi kabla ukungu haujaondoka.

Halafu kilima kikagawanyika.

Pembeni, peke yake, ikasimama kemikali inayowekwa kwa petroli kuiongezea nguvu.

Nikapiga simu.

"Shangazi, usinywe hayo maji."

"Na ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

Nilisikia kengele ya ng'ombe kwa mbali, kama ndotoni.

"Basi wacha niwatoe," akasema. "Ndio wanaanza kunywa."

Bado nimekaa hapa maabara, dirishani. Kama uko Makindu na una maji ya mvua kwa tangi, tafadhali niandikie. Shangazi na ng'ombe wake wana kiu sasa hivi.