Sudi wa Manundu na Kamba ya Katani

Enzi zetu picha ilikuwa na sheria moja tu, na kila mtoto wa Korogwe aliijua kabla hajajua kuandika jina lake: steringi hafi. Adui atakufa, tena kifo kibaya. Rafiki wa steringi anaweza kufa, ili steringi apandwe na hasira. Lakini steringi mwenyewe, hata apigwe risasi, hata jumba limwangukie, mwisho wa mkanda anasimama anajipangusa vumbi. Nayaandika haya nikiwa Doha, na nimekasirika, maana wiki iliyopita nimeiona sheria hiyo ikivunjwa mbele ya macho yangu, nimekaa kwenye kiti laini kama godoro, kiyoyozi kikinitetemesha meno.

Wenzangu mliokulia miji midogo mnalikumbuka banda la video. Letu lilikuwa nyuma ya soko, ukuta wa mabati, mlangoni blanketi jeusi la kuzuia mwanga, ndani mabenchi ya mbao yasiyochongwa vizuri, ukikaa vibaya unaondoka na kibanzi. Tukitoka shule, miguu ingali na vumbi la kufagia uwanja, tunapitia mihogo ya kukaanga kwenye karatasi ya daftari, chumvi na pilipili juu, na barafu ya ukwaju unayoitoboa kwa jino kwenye kona. Humo ndani joto, jasho, harufu ya mihogo na petroli ya jenereta. Mama alikuwa akinipigia kelele, "Mwanahawa, wewe utakuja kuolewa na televisheni!" Alisema hivyo ameshika mwiko, na mimi muda huo nimeshafika kwenye mashine ya kusaga.

Picha zilikuwa za Kizungu na Kizungu hatukijui, kwa hiyo kulikuwa na Kaka Mshamu. Mshamu alikaa ubavuni mwa televisheni na kipaza sauti kilichofungwa kwa raba ya baiskeli, akitutafsiria kila neno. Ukubwani ndipo nilipogundua kwamba hata yeye Kizungu hakukijua. Alikuwa akitazama midomo inavyocheza na kututungia, na alitunga vizuri kuliko walioandika. Watoto wa siku hizi wanasoma maandishi chini ya kioo huku kidole kiko kwenye simu nyingine, halafu wanakwambia wameangalia picha.

Siku alipoweka ile picha ya maharamia, banda lilijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Sisi watoto wa bara, bahari tuliijua kwa kusimuliwa, na hapa tunaonyeshwa bahari inayochemka, kisiwa kinachopiga mbizi, na joka la matumbawe linalokula meli kama mtu anavyotafuna bisi. Nahodha alikuwa mzungu mwenye nywele za dhahabu na jicho la kioo lililoona mambo ya kesho. Kila mtu alidhani huyo ndiye steringi. Mshamu akakata mzizi wa fitina mapema. "Huyu msimwangalie," akasema kwenye kipaza sauti. "Kazi yake ni kuchana nywele. Steringi ni yule pale nyuma, aliyeshika kamba."

Pale nyuma kulikuwa na baharia mweusi, kitambaa chekundu mkononi, kamba begani. Mshamu akatwambia anaitwa Sudi, kijana wa Manundu, mtaa wa pili tu kutoka hapo, na kamba ile ni ya katani ya mashamba yetu, haikatiki. Banda zima likapiga miluzi. Kuanzia hapo Sudi akawa anaongea, anatukana kwa adabu, anaulizia bei ya machungwa ya kwao. Nahodha akifungua mdomo, Mshamu anasema, "Hapa anamwomba Sudi ushauri." Na mwishoni, joka lilipofungua kinywa, ni Sudi aliyeishika kamba peke yake, meli nzima ikaning'inia kwenye mikono yake miwili. Hilo halikuwa la kutungwa, tuliliona kwa macho yetu. Kisha wimbi likamfunika, majina yakaanza kupanda, nasi tukaanza kulia. Mshamu akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo akasema pole pole, "Msilie. Hii ni sehemu ya kwanza. Sudi atarudi."

Tulicheza maharamia mwaka mzima kwenye uwanja wa shule. Tuligombania kuwa Sudi mpaka mwalimu wa zamu akatuchapa wote, na mimi nilikuwa Sudi mara nyingi kwa kuwa nilijua kukwea. Hakuna aliyetaka kuwa nahodha. Nahodha tulimpa mtoto mgeni.

Sasa mimi ni mtu mzima. Ninafanya kazi ya nyumbani hapa Doha, mtaa wa Muaither, nalea watoto watatu wa watu, na mwanangu wa kumzaa, Rehema, analelewa na mama yangu kule kule Korogwe. Nilipomwacha alikuwa hajaanza shule. Sikuwa na kitu cha kumpa kwa mbali isipokuwa mdomo, nikawa namtumia hadithi za Sudi kwa sauti kwenye simu. Sudi kaokota kisiwa, Sudi kamfundisha joka kusonga ugali. Kila hadithi niliifunga kwa maneno ya Mshamu, Sudi atarudi. Siku moja akaniuliza, na wewe je? Nikamjibu kwa mzaha kwamba sehemu ya pili ikitoka, na mimi narudi. Miaka ilikuwa imepita bila kusikia habari ya sehemu ya pili, nani angejua?

Sikukusudia kukaa hivi. Likizo yangu ya kwanza iliahirishwa kwa sababu Madam, mwajiri wangu, alijifungua. Ya pili mama mkwe wake aliugua. Kila mara nilijaza begi, madaftari, viatu, tende, khanga ya mama, nikatafuta mtu anayekwenda nyumbani, nikampa abebe. Rehema alikuwa akipiga picha na begi kwenye uwanja wa nyumba yetu, ananishukuru. Nilidhani anafurahi.

Halafu mwaka huu bango likatundikwa kwenye jengo la maduka tunakopeleka watoto kuteleza kwenye barafu. Bahari ile ile, joka lile lile limeongezwa vichwa, nywele za dhahabu zimekuwa na mvi za kupakwa. Sehemu ya pili. Moyo ulinidunda kama wa mtoto. Jioni hiyo hiyo Rehema akanitumia sauti, hata salamu hakutoa: "Mama, imetoka." Watoto wa leo bwana, wewe uliye chini ya bango unajua nusu saa tu kabla yao.

Madam alitutuma mimi na watoto tukaitazame, dereva akatushusha. Noora, binti yake mkubwa, alinunuliwa bisi ndoo nzima. Nikamwambia huyu nahodha asimsumbue, amwangalie mwenye kamba. Akaniuliza, "Kwani Hawa umeshaiona?" Nikamwambia nimeingoja tangu nina umri wake.

Taa zikazimwa. Bahari ikafunguka upana wa ukuta, sauti ikatupiga kifuani, na kweli, picha ya kwanza kabisa ni mkono mweusi wenye kitambaa chekundu umeshika kamba. Nikasema bismillahi. Joka likatoka. Nahodha akapiga kelele. Mwenye kamba akageuka, hajatamka neno hata moja, mkia ukampitia, akakatika vipande viwili. Basi. Nahodha akatazama majini kidogo, akatengeneza nywele, wakaendelea na safari. Hakuna aliyemtaja tena mpaka mwisho.

Nilisimama. Nikasema kwa sauti, Kiswahili kitupu, "Steringi hafi!" Mbele watu wakageuka, Noora akanivuta abaya. "Hawa, khalas, basi," akaninong'oneza, "ni mtu wa nyuma tu." Nikakaa na hasira yangu saa mbili nzima. Fedha yote ile, majoka yenye vichwa saba, unyoya mmoja mmoja wa kasuku unauona, na hawakuwa na dakika moja ya kumpa yule mtu aseme jina lake. Na hata hakuwa yeye. Uso ulikuwa mwingine kabisa. Walikuwa wamemchukua mtu mwingine, wakamfunga kitambaa, wakajua hakuna atakayetambua. Majina yalipoanza kupanda nikamwomba Noora anisomee. Akatafuta, akatafuta, akasema, "Baharia mwenye kamba. Hana jina, Hawa."

Ijumaa nikampigia rafiki yangu Atieno, Mkenya, mlinzi kwenye lile lile jengo la maduka, ndio kwanza katoka kanisani Mesaimeer. Nilimweleza yote, nikitegemea anipoze. Alicheka mpaka akakohoa. "Stelingi anakufaje mwanzo wa picha?" akasema. "Woiye, Hawa, huyo hakuwa stelingi. Huyo jamaa wenu aliwabeba ufala." Nikamwambia kama Mshamu alitudanganya, basi afadhali yeye aliyedanganya kwa kutupa mtu, kuliko hawa waliosema kweli kwa kumkata vipande viwili. Akaacha kucheka. Akaniuliza sasa mtoto utamwambia nini.

Ndilo lililokuwa linanichoma. Nilikaa jikoni na simu nikitafuta uongo mzuri. Nilitaka kusema Sudi kanusurika, kaogelea, yuko kisiwani anasubiri sehemu ya tatu. Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kusogeza mambo mbele. Ramadhani nakuja. Sikukuu nakuja. Ukifunga shule nakuja. Kabla sijabonyeza, sauti ya Rehema ikaingia. Alikuwa ameshaiona. Kuna mtu aliirekodi kwa simu ndani ya sinema, vichwa vya watu na kukohoa kwao vimo, ikafika Korogwe kabla yangu. Maharamia wa kweli ndio hao.

"Mama," alisema, "nimeona, ila yule aliyekufa siye Sudi. Wamemtuma mtu mwingine na kitambaa cha Sudi." Nyuma namsikia bibi yake anapepeta mchele. "Na wewe usinitumie tena mtu na begi. Njoo mwenyewe."

Nililia, sitaki kuficha, kisha nikanawa uso nikaenda sebuleni. Madam alikuwa anamlisha mdogo. Nikamwambia nataka likizo yangu, kabla ya Ramadhani. Akasema baada ya Idi, inshallah. Nikasema hapana, kabla. Sijawahi kumwambia hapana, na Kiarabu changu cha jikoni hakina maneno ya kuipamba. Akaniuliza, bila ubaya, watoto nitamwachia nani. Nikamjibu kwamba mama yangu ananiuliza swali hilo hilo kila mwezi. Akampangusa mtoto mdomo, akasema leo leo atamwambia baba yao akate tiketi.

Begi liko chini ya kitanda, nimeanza kulijaza. Safari hii sijatafuta mtu wa kulibeba.

Enzi zetu jenereta likizimika katikati ya picha, hakuna aliyetoka. Tulikaa gizani, barafu inatuyeyukia mikononi, Mshamu anaendeleza hadithi kwa mdomo mtupu mpaka mafuta yaletwe, na yasipoletwa tunarudi nyumbani tumeridhika. Tulijua kungoja sisi. Tulifundishwa kungoja, tukasifiwa kwa kungoja, na ukubwani tukawafunga wanetu kwenye benchi lile lile. Nimewacheka sana watoto wa leo kwamba hawana subira, kwamba wanataka mwisho kabla ya mwanzo. Wangu hana subira hata chembe, na namshukuru Mungu kwa hilo.