Miche Iliyoamshwa

Mama wa Misonobari, ndivyo maabara nzima ilivyomwita, hakugusa mche kabla ya kupoza vidole vyake kwenye kioo cha dirisha, asije akauambukiza joto, huku akiimba kwa pua wimbo usio na maneno. Chai yake aliinywa imepoa, koti mwilini, ndani ya banda la miche lenye baridi ya kukata mifupa. Asubuhi hii mtafiti mgeni alimkuta humo humo, ila wimbo haukuwepo. Mwishoni mwa wiki mgeni huyo aliionea miche huruma, akaiwashia hita. Jana akaizima hita hiyo, na usiku barafu ikarudi. Mama alichuma jani moja, jembamba kama sindano, akalibinya. Kidole kikalowa maji: seli zilikuwa zimepasuka kwa barafu. Akakinyoosha mgeni akione.

“Tangu siku zilipoanza kufupika, hawa miche wangu walikuwa wanajiwekea sukari ndani ya seli, wasigande,” alisema kwa sauti ya matangani. “Wewe ukawaambia majira yamegeuka. Wakakuamini, wakaitumia sukari yote.”

“Lakini Mama, si bado ni ya kijani?” Mgeni aliitazama safu nzima, mibichi, imesimama wima.

“Itabaki ya kijani wiki kadhaa hata ikiwa imekufa, mwanangu. Msonobari hauagi.”

Kisha akaenda dirishani, akapoza vidole vyake kama kawaida, akarudi kuigusa miche mmoja mmoja.