Chumvi Tuliyolipelekea Bwawa

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeupa mto njia yake na bahari mahali pake, akanibakizia pumzi ya kusimulia kidogo nilichokiona.

Enzi zetu Makina, mtaa wetu Wanubi pale Kibera, Nairobi, watoto tulishinda bwawani. Chini ya Kibera kulikuwa na maji mapana yaliyometameta mchana kutwa. Tukitoka chuoni, juzuu zingali kwapani, tulishuka kuvua kwa pini zilizopindwa. Rafiki yangu Odhiambo, mtoto wa fundi viatu aliyehamia kutoka upande wa ziwa, ndiye aliyetufundisha kutulia. Alisema samaki wa hapa husikia kelele za Makina kabla hawajaona chambo. Jioni tulirudi tukinuka tope, na mama alituzuia mlangoni mpaka tuoge. Watoto wa siku hizi hunukia marashi, nao samaki wanamjulia kwenye simu.

Mwaka mmoja shule ilitupeleka Pwani kwa gari moshi. Mama alinifungia gurusa, ile mikate yetu laini ya Kinubi, nami nikaimaliza kabla Nairobi haijaisha. Tulipelekwa mahali mto unapoingia baharini, penye mikoko inayohifadhiwa. Aliyetupokea ni Bi Mwanakombo, mama wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kuwafunza wageni. Alituambia tuvue viatu, akatusimamisha topeni, akatuamuru tunyamaze. Nilidhani tunaadhibiwa. Kumbe tope lilikuwa likisema: kaa wakitoka mashimoni, mapovu yakipasuka, na kitu kama mnong'ono kikipita chini ya nyayo zetu. Akatueleza kuwa samaki wadogo hulelewa katikati ya mizizi ile, na kwamba zamani watu walitupa taka pale pale, mpaka majirani wenyewe walipokaa chini wakakubaliana kuacha.

Tulipoaga, aliokota mche mmoja wa mkoko ulioelea hadi njiani, mrefu kama bamia iliyokomaa, akampa mwalimu wetu. Kisha akatugeukia.

"Huu wa kuwaonyesha wenzenu tu, wanangu. Mkifika kwenu, yatunzeni maji yenu kama sisi tunavyoyatunza haya."

Mche ulirudi Nairobi umefungwa ndani ya sweta la Odhiambo lililoloweshwa, ukipokezanwa mapajani kama mtoto mchanga. Kufika nyumbani, kuuonyesha tu hakukututosha. Tukaupanda ukingoni mwa bwawa. Shida ikawa moja: mkoko umezoea chumvi, na maji yetu yalikuwa baridi, yasiyo na chumvi. Basi kila mmoja akawa anachota chumvi kwao na kwenda kuimwaga pale. Mchuzi wa Makina ukawa chapwa, wanawake wakaanza kushukiana. Mama aliponikuta na kikopo hakunipiga.

"Mwanangu, hilo bwawa Mungu amekwisha kulitia alichotaka. Rudisha chumvi, wageni wa baba yako wanakula."

Mche ulisimama siku kadhaa, ukawa mweusi, ukalala. Mwalimu akasema mambo ya mikoko ni ya Pwani, akafuta ubao. Nasi tukaafiki.

Hapo ndipo moyo wangu hurudi kila nikikumbuka. Katika zile mbio zetu za chumvi, kulikuwa na kichuguu cha taka kimeanza ukingoni: maganda, majivu, ndala zilizokatika. Kilikuwa kidogo, darasa letu lingekiondoa kabla ya adhana ya alasiri. Tulikiruka tukienda, tukakiruka tukirudi. Mwalimu hakukiona, wala wazee waliotucheka. Tulibeba mche, somo tukaliacha kule topeni.

Tulipokuwa vijana na harufu imeanza kupanda, Odhiambo alitukumbusha maneno ya Bi Mwanakombo. Tukamwambia bwawa lina wenyewe. Hakulizungumza tena hadi Mungu alipomchukua, na mimi sikumuuliza wenyewe ni nani kama si sisi.

Juzi mjukuu wangu Zuhura alitoka safari kama ile, simu imejaa picha za nyayo zake topeni. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu kwamba wako bado wanaofundisha. Kisha akaniuliza, "Babu, wametuambia tuchunge maji ya kwetu. Sasa yetu iko wapi?"

Nikamshika mkono tukashuka. Nilimwonyesha lilipokuwa bwawa letu, na mbele yetu kulikuwa na majani tu, ya kijani, yametanda pande zote, na taka kando yake.

"Lakini hiyo si ni kiwanja ya mpira?"

Nikamweleza kuwa nilivua samaki pale. Akacheka, akidhani namdanganya. "Babu, usinichoche."

Nikamwomba anyamaze kidogo, kama nilivyoamriwa mimi. Tukasimama. Nilisikia redio za mabandani, nyundo za mafundi, watoto wakiitana. Tope halikusema kitu.

Enzi zetu tulikuwa na maji, wa kutuambia tuyaone akawa mbali. Leo Zuhura ameambiwa mapema, na sisi hatukumwachia cha kuona. Hata hivyo hakuniachia mkono. Aliinama akaokota ndala iliyokatika, akaniuliza tuiweke wapi.

Nawe unayesoma, Mola akujaalie maji safi karibu na mlango wako, na macho ya kuyatambua yangali maji. Amina.